Ghuba Aliposema Ameshiba

“…na maganda ya vitunguu pia nimeyakuta, yamejining’iniza kwenye kamba zangu kama hereni,” Mboni aliniambia katika ndoto ya usiku wa kuamkia leo, maana ndoto yenyewe ilianzia katikati ya ugomvi, haikuwa hata na adabu ya kubisha hodi.

Amesimama kwenye kona ya ua wangu, pale mtaro unapotokezea ukutani. Mkononi ana fundo la mwani, mweupe na mlegevu kama tambi zilizopitiliza motoni.

“Mwani mzima una rangi,” anasema. “Huu umekufa. Umeuawa na mafuta ya pilau lako.”

“Pilau langu halijaua mtu,” nasema. “Limeozesha nusu ya mabinti wa mtaa huu, kama umesahau.”

“Limeozesha na mwani pia.”

Nieleze kidogo, msije mkaona nagombana na watu usingizini bila sababu. Mimi naitwa Mwanamvua, ni mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, arobaini, hitima, mwite Mwanamvua. Napikia uani kwangu, na maji ya kuoshea masufuria yanashuka na mtaro, yanateremka mtaa, yanaishia kwenye ghuba iliyo chini yetu. Mboni ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwaka wa ishirini na mbili huu, na huko huko ghubani ndiko anakolima mwani. Tulikuwa mashoga wa kuazimana hata nywele za bandia. Tangu mwani wake uanze kufa, tunazungumza kwa kupitia kuku: yeye anamfukuza kuku kwa maneno ya kunisema mimi, mimi namfukuza kwa maneno ya kumsema yeye. Hayo ni ya kweli, ndoto iliyachukua vile vile yalivyo.

“Bahari yote ile, Mboni,” nasema. “Maji ya sufuria yatafanya nini?”

“Ile siyo bahari yote. Ile ni ghuba. Ina mlango mmoja, kama chumba cha kupanga.”

Mtaro ulikohoa.

“Mimi napitisha tu,” ulisema. “Msinitie kwenye maneno yenu.”

“Hakuna aliyekutaja,” Mboni aliujibu.

“Mnanitaja tangu asubuhi. Nimejengwa kwa saruji, lakini nasikia.”

Tungeendelea hivyo mpaka adhuhuri, lakini mtu alibisha hodi. Nilipofungua nilimkuta Mzani, ule wa dukani wenye sahani mbili za shaba, amevaa kaunda suti ya kijivu iliyopigwa pasi, kalamu mfukoni. Nilimkaribisha. Nyumbani kwangu hakirudishwi kitu mlangoni.

“Nimekuja kwa habari ya Ghuba,” alisema, akijiweka sawa ili sahani zake zisicheze. “Ninataka kujua anaweza kupokea uchafu kiasi gani kwa siku bila kudhurika. Mtaa wenu ukiwa chini ya kiasi hicho, mtaro huu unaendelea. Ukiwa juu yake, tunauziba leo kabla ya alasiri.”

Mtaro ukizibwa, jiko limekufa. Jiko likifa, nani atakuja kwangu kumenya vitunguu na kunipa habari za mjini? Mimi sijasoma vitabu, nimesoma watu, na watu huja penye moshi. Nyumba isiyo na watu mimi naiona ni kabati.

“Na mwani wangu je?” Mboni aliuliza.

“Mwani wako umo ndani ya jibu hilo hilo,” Mzani alisema.

“Sasa utapima kwa nini?” nikauliza. “Una sahani mbili tu.”

“Nitapima kwa wewe. Nimeulizia mtaa mzima. Wanasema ukitupa jicho ukumbini mara moja tu, unajua watu hao ni kilo ngapi za mchele, na hujawahi kukosea.”

Ni kweli, sijawahi. Pilau, kilo moja watu wanane, wakiwa wanaume wa bandarini watu sita. Nilinyoosha kanga yangu. Sifa ni sifa, hata ikitoka kwa chuma.

“Huyu hawezi kupima,” Mboni alisema. “Mkono wake mzito.”

“Mzito wa kumtilia mgeni, siyo wa kumnyima.”

“Ndicho ninachosema.”

Mzani alifungua daftari. “Utaratibu ni mwepesi. Ghuba atakuja kama mgeni. Mtamkirimu kwa vile mnavyompelekea kila siku, wala msimfichie kitu. Akisema ameshiba, naandika. Hapo ndipo mpaka wake.”

Moyo ulitulia. Kama ni habari ya wageni, nimeshinda.

Nilichukua mkeka ili nimtandikie mgeni. Niliukunjua, ukakunjuka. Niliukung’uta, ukaendelea kukunjuka, ukatoka mlangoni, ukavuka barabara, ukapita mbele ya gereji, ukateremka hadi kwenye mikoko, na uliposimama sote tulikuwa tumekaa chini kabisa ya ghuba, nguo kavu, na jiko langu likiwaka nyuma yangu. Juu yetu mtumbwi ulipita, tukaona tumbo lake. Hakuna aliyeshangaa. Mboni aliuliza tu kama pamefagiwa.

Ghuba anaingia.

Anaingia kwa ubavu, kama mtu mnene anavyopita kwenye mlango mwembamba, akimwomba radhi kila anayemlowesha. Ana mabega ya duara na nguo ndefu ya rangi ya maji, pindo lake limechakaa kwa kuburuzika kwenye matope. Ananawa mikono ndani yake mwenyewe, anakaa.

“Karibu, mgeni wetu,” nasema.

“Nimeshakaribia. Msijisumbue.”

Alikuja na watumishi wawili, mapacha, Kujaa na Kupwa. Kujaa anaingiza, Kupwa anatoa. Kando walisimama mikoko, kila mmoja na kifumbu chake mkononi, kile cha kuchujia tui, tayari kuchuja kitakachopita. Nyuma ya mgongo wa Ghuba palikuwa na wengine tena, lakini mabega yake yalikuwa mapana, sikuwaona.

“Sisi kwa siku tunaondoa sahani mia, tunazipeleka bahari kuu,” Kupwa aliniambia. “Hamsini nyingine wanazimaliza hawa wa pembeni na wale wa nyuma. Zinazozidi hapo zinalala naye.”

Nilimsikia. Lakini nilimsikia kwa sikio la umbeya, siyo sikio la kazi.

Tukaanza kupakua.

Sahani ya kwanza ilikuwa yangu: maji ya ukoko, povu la sabuni juu yake, na utando wa mafuta unaong’aa. Ghuba aliinusa.

“Ukoko huu naufahamu,” alisema. “Ni wa harusi ya Jumamosi. Bwana harusi alichelewa.”

“Alichelewa saa mbili na nusu,” nikasema. “Na wewe ulisikia?”

“Maji yako yaliniambia.”

Nilimpenda mgeni huyu. Alikula, akafuta mdomo, akasema, “Asante. Mmejisumbua.”

Basi sahani zikafululiza. Mnajua watu wa kwetu, penye shughuli hakuna anayetaka sahani yake iwe ndogo. Gereji ilileta birika la oili nyeusi. Nyumba ya wageni ya pale juu mlimani ilileta sinia lililofunikwa, na kwa heshima hakuna aliyelifunua. Mashamba ya bondeni yalileta beseni la mbolea, yakasema yamepanda mvua mpaka huku. Mfuko wa plastiki ulijileta wenyewe, ukakaa kwenye sahani, ukasema tusiutie haraka, wenyewe una miaka mingi ya kukaa.

Na kila chombo kilikuwa na alama chini, maana vyombo vya shughuli visipowekwa alama vinapotea. Vyangu vina nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Vya gereji vilikuwa na dole la grisi. Hakuna ambaye angesema si chake.

Ghuba alikula chote. Alikuwa anakula kwa vidole vitatu, kimya, bila kuchagua. Kila baada ya sahani alishukuru. Kwenye sahani ya mia na hamsini alilamba vidole, akajisogeza nyuma kidogo.

“Alhamdulillah,” alisema. “Nimeshiba.”

Mzani alichomoa kalamu.

“Usiandike,” nikamwambia. “Hiyo ya adabu.”

“Adabu ipi?”

Ilibidi nimfundishe. Kwetu mgeni haaminiwi mara ya kwanza. Akisema ameshiba mara ya kwanza, anakujulisha kwamba amelelewa. Mara ya pili, anakujulisha kwamba na mama yake alilelewa. Ya tatu ndiyo ya tumbo. Mwenyeji anayeiamini ya kwanza ni bahili, na mtaa utajua kabla mgeni hajafika kona.

Mzani alipekua daftari lake. “Kanuni haijataja mara tatu.”

“Kanuni yako haijawahi kualikwa,” nikasema.

Watu walicheka, hata mtaro ulicheka. Mzani alifikiri, sahani zake zikapanda na kushuka, kisha akaandika: *mara tatu*.

“Haya, mgeni wetu,” nasema, na upawa mkononi. “Hujala hata. Umeonja tu. Ongeza kidogo, kwa ajili yangu.”

“Inatosha, mama.”

“Au chakula changu kibaya?”

“Si kibaya.”

“Basi kula.”

Akala. Tukapita sahani ya mia mbili, tukapita ya mia mbili na hamsini. Ghuba sasa alikuwa anatafuna polepole, anatazama upande. Nilipoinua upawa tena, hakusema neno. Aliweka kiganja juu ya sahani, akakifunika.

Nami nikafanya ninachowafanyia wageni wote. Nikamimina juu ya mkono, mpaka akauondoa.

“Mwanamvua,” Mboni alisema. “Amekwambia.”

“Kasema ‘nimeshiba’ mara moja, na mkono ni ya pili. Ya tatu bado. Niachie wageni, shoga, wewe kaa na kamba zako.”

Mara nikaona nguo ya Ghuba inabadilika rangi. Ilianzia kwenye pindo, kijani kizito kama mchuzi wa kisamvu uliolala, ikapanda magotini, ikapanda kifuani. Pumzi zake zikawa fupi. Samaki mmoja, tasi, alitoka kwenye mkono wa nguo yake, akaja akakaa gotini kwangu.

“Shikamoo mama,” alisema. “Hapa kwenu kuna hewa ya kuazima?”

“Marahaba mwanangu. Huko ndani imekwisha?”

“Ipo kidogo, tumewaachia wagonjwa.”

Nilimpa ya kwenye kikombe. Kumbe nimefungua mlango. Kamba walitoka, kaa wakatoka, samaki changu na watoto wao, wakapanga foleni jikoni kwangu na madumu, kama siku maji ya bomba yamekatika. Kaa mmoja alijaribu kupita kwa ubavu, wakamrudisha nyuma.

Mikoko ililalamika kwamba vifumbu vimezibwa na mifuko, na kwamba imesimama tangu alfajiri, na miguu inauma yote arobaini. Kupwa alikuja na sahani zimempanda hadi kidevuni.

“Mama, mikono imekwisha,” alisema.

“Subiri kidogo,” nikamwambia. “Anakaribia kusema.”

Nikasubiri. Mzani akasubiri, kalamu juu. Foleni yote ikanyamaza, isipokuwa wale waliokuwa wakihema.

Ghuba hakusema.

Alikuwa anatabasamu, mdomo umefumbwa. Niliposogeza upawa, aliufumbua kidogo, akapokea, akaufumba tena, akatabasamu.

“Nakukumbusha,” Mzani aliniambia, “asiposema mara ya tatu, naandika kwamba hana mpaka. Mtaro wako hautaguswa milele, na jiko lako pia.”

Jamani, nisiwafiche. Nilifurahi. Nilikuwa nimeshinda kwa kunyamaza kwa mtu mwingine. Niliona kabisa masufuria yangu yamepangwa, wanawake wamenizunguka na visu na vitunguu, habari zinapita mkono kwa mkono, na maji yanateremka na mtaro kwa raha zake. Dakika moja zaidi ya ukimya na yote ni yangu.

Mboni alikuja akakaa karibu nami kwenye mkeka. Alisema kwa sauti ya chini, siyo ile ya kuku.

“Unaikumbuka siku yako ya saba, kwa mama mkwe wako?”

Sijui kwa nini alichagua kuuliza hapo. Naikumbuka. Nilikuwa bi harusi, mgeni wa mtaa, simjui mtu. Mama mkwe alinipakulia bokoboko, sahani, na sahani, na sahani, wifi zangu wamenizunguka wanaangalia kama mdomo wangu unafanya kazi. Nilisema nimeshiba. Wakacheka, wakatia. Nilisema tena. Wakatia. Ya tatu sikusema, kwa sababu ningefumbua mdomo ingetoka pamoja na bokoboko. Niliinuka nikitabasamu, nikasema naenda kunawa, nikazunguka nyuma ya nyumba.

Huko nyuma kulikuwa na msichana wa jirani anaanika nguo. Hata jina hakuniuliza. Alinishika kichwa, akanikusanyia ushungi usichafuke, akaninawisha uso. Kisha aliingia ndani kwa mlango wa uani, akakaa kwenye sahani yangu, akaila bokoboko ile yote, akaenda kumwambia mama mkwe, “Bi harusi amemaliza, anaomba apumzike.” Na katika mtaa huu ambao kuku akipiga chafya tunajua amelala wapi, habari ile haijawahi kutoka mdomoni mwake. Miaka ishirini na mbili.

“Ulisema mara ngapi siku ile?” Mboni aliniuliza.

“Mara mbili.”

“Na ya tatu?”

“Ya tatu niliifumbia mdomo.”

Tukamtazama Ghuba. Alitutazama naye, anatabasamu vile vile.

Niliweka upawa chini.

“Mzani,” nikasema, “futa mara tatu.”

“Nikifuta, mpaka unakuwa ule wa kwanza. Sahani mia na hamsini kwa mtaa mzima. Wewe peke yako unaleta sitini. Fungu lako litakuwa ishirini.”

Sahani arobaini za kubaki nazo nyumbani.

“Futa. Alisema mara ya kwanza na alimaanisha. Mimi ndiye niliyejifanya sisikii.”

Mzani akafuta.

“Na ukishaandika hiyo mia na hamsini,” nikasema, “punguza kidogo.”

“Kwa nini tena?”

“Sufuria haijazwi mpaka mdomoni. Ikijaa mpaka mdomoni itachemkia wapi?”

Sahani za Mzani zilitulia kabisa. Nafikiri hakuwahi kupika. Akaandika.

Kisha nikafunga kanga kiunoni, nikaanza kuondoa vyombo. Niligeuza kila sahani, penye nukta nyekundu nikabeba. Mafuta nikayamimina kwenye dumu, ukoko nikautenga kwa kuku, maganda nikayarundika kando. Mboni alishika upande wa pili wa sinia bila kuombwa. Gereji ilipoona hivyo iliona aibu, ikaja ikachukua birika lake. Mashamba yakachukua beseni. Wale wale walioshindana kuleta wakaanza kushindana kuondoa, na kila mmoja akitaka aonekane kabeba nyingi. Nyumba ya wageni ilichelewa kama kawaida yake, lakini ilikuja, imejifunika uso kwa taulo. Mfuko wa plastiki peke yake ndio uliogoma kuinuka, ikabidi mikoko miwili iushike mabega.

Rangi ya Ghuba ilianza kushuka, kutoka kifuani hadi magotini. Alivuta pumzi moja ndefu, mitumbwi ya juu ikatikisika. Wale wa kwenye foleni walirudisha hewa niliyowaazima. Tasi alirudisha kikombe kikiwa kimejaa kuliko nilivyompa, akaniambia ndivyo mama yake alivyomfundisha.

Nilipiga magoti mbele ya mgeni.

“Asante,” nikasema. “Umekula kwangu miaka yote hii, na jiko langu limesimama kwa sababu yako. Watu wote waliojaa uani kwangu, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unaniondolea taka zao. Sikuwahi hata kukuuliza umeshindaje.”

Ghuba aliona haya, pindo lake likacheza.

“Usinishukuru peke yangu,” alisema. “Sahani zako mimi nilikuwa sizimalizi. Kuna waliokuwa wanakaa nyuma yangu, wananimalizia kimyakimya.”

Akasogea pembeni.

Walikuwa ni mwani wa Mboni. Wamekaa kwenye kamba zao, safu kwa safu, kama watoto wa madrasa, na kila mmoja ana kijiko kidogo.

“Shikamoo,” wakasema kwa pamoja. “Maji ya ukoko wako ndiyo yalikuwa yakitunenepesha. Tulikuwa tunakula kwa raha zetu. Ni yale mafuta tu yametushinda, na kule kuzidi.”

Nikamgeukia Mboni. Alikuwa anajifunga kanga ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

“Usinitazame hivyo,” alisema. “Nami sikujua.”

“Najua hukujua.”

“Basi usilie juu ya vyombo, utaviosha upya.”

Miaka ishirini na mbili, nawaambia. Mara ya kwanza aliila sahani yangu kwa kujua, nyuma ya nyumba. Nyingine zote amezila bila kujua, kwa midomo ya mwani wake, nyuma ya ghuba, na mimi juu nafukuza kuku kwa jina lake.

Mzani alifunga daftari. “Mtaro hauzibwi,” alitangaza. “Jiko linabaki. Sahani zisizofika ishirini, bila mafuta.” Kisha akajikohoza. “Je, naweza kufungiwa kidogo cha kwenda nacho?”

Nilimfungia pilau kwenye jani la mgomba. Aliliweka kwenye sahani yake ya kulia, akaondoka ameinama upande mmoja.

Ghuba naye aliomba ruhusa. Aliuliza njia ya mkato, nikamwambia apite tu chumbani kwangu, huko nyuma kuna mlango. Alinishukuru. Aliniomba radhi mapema kwa unyevu. Nikamsikia anapita, taratibu, kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala, akiwa ameinua pindo la nguo yake kwa mikono miwili.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Niliweka miguu chini, sakafu kavu. Lakini kwenye mguu wa kitanda kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi, umeuzunguka wote. Nikaangalia mguu wa pili, upo. Kwenye kabati, upo, kimo kile kile. Ukutani umenyooka kuanzia mlangoni mpaka dirishani, kana kwamba fundi amepima kwa timazi. Niliupitisha kidole, nikakilamba. Chumvi.

Nikashika godoro. Lilikuwa kavu. Mstari ulikuwa umeishia shubiri moja chini yake. Alipita chumba kizima na hakunigusa.

Nje nikasikia ndara za Mboni. Nilitoka vile vile, nywele hazijachanwa. Alikuwa anapita na beseni kichwani na kamba begani, anaelekea ghubani, macho mbele.

“Mboni.”

“Kama ni habari ya mtaro, leo sina nguvu.”

“Mafuta hayashuki tena. Naanza kutenga dumu leo.”

Alisimama. Aligeuka nusu.

“Nani amekushauri?”

“Na asante,” nikasema. “Kwa bokoboko.”

Alilishusha beseni kutoka kichwani, polepole, akanitazama kama mtu anavyomtazama mwenye homa.

“Bokoboko gani? Ile ya mwaka ule?”

“Ile.”

“Ndiyo unaishukuru leo, na nywele zimesimama hivyo?”

“Ndiyo leo.”

Aliangalia chini, akaliweka beseni kwenye ukuta, akalichukua tena.

“Nina haraka, Mwanamvua. Maji yanapwa.”

“Kupwa atakusubiri, ni mtu mwelewa. Sasa hivi nabandika mihogo ya nazi na chai ya tangawizi, na nyumba nzima sina mtu wa kula naye. Weka hilo beseni hapo kivulini, shoga. Pita ndani tule.”